Kilichounguza kompresa si giza: kisa cha ghala la samaki Temeke

Ghala linalochambuliwa hapa liko Temeke. Samaki hununuliwa alfajiri Feri, soko kuu la samaki la Dar es Salaam, wengine huuzwa siku hiyo hiyo wakiwa kwenye barafu, na wanaobaki hugandishwa kwa ajili ya hoteli na wachuuzi wa Buguruni na Temeke Stereo. Ndani kuna chumba kimoja cha baridi cha mita 3 kwa 4, kimo mita 2.5, kilichojengwa kwa paneli za foamu zenye unene wa milimita 100. Kompresa yake, yaani mashine inayosukuma gesi ya kupooza, ni ya fezi tatu (nyaya tatu za umeme badala ya mmoja), nguvu farasi 5. Pembeni ziko friza 8 za kulala na mashine ya barafu inayotoa kilo 300 kwa siku, na nyuma ya jengo kuna jenereta ya kVA 30. Akiba ya kawaida ni tani 2 za samaki waliogandishwa.

Usiku mmoja umeme ulikatika mapema, ukarudi baada ya nusu saa, kila mtu akalala. Asubuhi kipimajoto cha chumba kilisoma nyuzijoto -4 na kompresa ilikuwa imeungua waya wa ndani. Katoni za juu na za karibu na mlango zilikuwa zimelainika. Pweza na changu waliobaki wagumu waliokolewa, lakini kibua na jodari waliolainika walitupwa, na huo ndio uamuzi sahihi. Samaki wa jamii hiyo wakikaa kwenye joto hujenga histamini mwilini mwao, na sumu hiyo ikishajengeka haiondolewi kwa kugandisha upya wala kwa kukaanga.

Mwenye ghala aliona jibu moja tu: sola na betri za kuendesha kila kitu usiku kucha. Makadirio aliyopewa na muuzaji yalikuwa betri 16 za uniti 5, paneli 48 za sola na inveta mbili, vifaa vinavyogeuza umeme wa paneli na betri kuwa kama wa gridi. Betri peke yake zilikuwa Sh milioni 44.8, na jumla ilipita Sh milioni 80.

Ombi lake linaeleweka. Wafanyabiashara wa Dar es Salaam hawajasahau mgawo wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, pale uzalishaji ulipokuwa chini ya mahitaji na mitaa ikapangiwa zamu za giza. Lakini hali ya uzalishaji imebadilika tangu wakati ule. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, wenye megawati 235, uliingia kwenye gridi Februari 2024, na kufikia Aprili 2025 mitambo yote 9 ilikuwa tayari, jumla megawati 2,115. Umeme wake unatoka Rufiji kwa laini ya kilovolti 400 hadi Chalinze. Ndani ya jiji lenyewe kuna mitambo ya gesi ya Kinyerezi na Ubungo, inayolishwa na gesi ya Songo Songo, iliyoanza kufika jijini 2004, na bomba kubwa kutoka Mtwara tangu 2015.

Basi megawati zipo, na bado taa za mtaa huu huzimika. Kati ya Kinyerezi na swichi ya ghala kuna vituo vya kupozea umeme, laini za kilovolti 33 na 11, transfoma ya mtaa, nguzo, na waya unaoingia kwenye jengo. Hitilafu moja popote kwenye mnyororo huo inatosha. Aprili 2024, mtambo mpya wa Rufiji ukiwa tayari unafanya kazi, hitilafu ya gridi ilizima karibu nchi nzima. Kwa mwenye friza, usalama wa nishati hupimwa kwenye mita yake, na kupima ndiyo kazi iliyotangulia kabla ya kununua chochote.

Siku 7 za kupima

Kifaa cha kurekodi voliti kiliwekwa kwenye fezi zote tatu kwa siku 7. Umeme ulikatika mara 6. Mara 5 ulirudi kabla ya dakika 40 kupita, na mara moja ulikaa saa 5. Kwa chumba cha baridi kilichofungwa mlango, kukatika kwa dakika 40 si tukio la kutisha hata kidogo.

Kilichotisha kilikuwa kwenye safu nyingine ya rekodi. Kila siku kati ya saa 1 na saa 4 usiku, fezi nyekundu ilishuka hadi voliti 178 badala ya 230. Na kila umeme uliporudi baada ya kukatika, dakika chache za mwanzo zilikuwa mbaya kuliko zote: friji, feni na viyoyozi vya mtaa mzima huanza kwa pamoja, transfoma hulemewa, na voliti huanguka hadi 160 na kitu. Ndani ya dakika hizo hizo kompresa ya ghala nayo ilikuwa inajaribu kuwaka.

Mota ya kompresa ikipata voliti pungufu haipunguzi kazi. Shinikizo la gesi ya kupooza ni lile lile, kwa hiyo inavuta ampea nyingi zaidi, na joto la waya hupanda. Ikijaribu kuanza kabla shinikizo la pande mbili halijalingana, hushindwa kuzunguka, na mota iliyokwama huvuta ampea mara 5 hadi 6 ya kawaida. Hii ya ghala hutumia ampea 8.5 ikiwa inafanya kazi vizuri. Kinga ya ovalodi, inayokata umeme mota ikivuta ampea kupita kiasi, iliyo kwenye kontakta (swichi ya kuwashia mota) ilikutwa imewekwa ampea 18. Fundi wa awali aliipandisha kwa sababu ilikuwa inajizima kila jioni na wateja wanalalamika. Ovalodi ile ilikuwa inasema kweli kila jioni, na badala ya kutafuta kwa nini inasema, ilinyamazishwa.

Sehemu ya tatizo ilikuwa ya ghala lenyewe. Friza zote 8 na mashine ya barafu ziliunganishwa kwenye fezi nyekundu, kwa kuwa ndiyo soketi zilizokuwa karibu. Fezi hiyo ilibeba takriban ampea 31 wakati nyingine mbili zilibeba 9 au 10. Tena mashine ya barafu iliendeshwa usiku ili barafu iwe tayari kwa safari ya Feri, yaani saa zile zile ambazo mtaa mzima umewasha taa, televisheni na pasi. Mizigo ilipogawanywa upya kwenye fezi tatu, voliti ya chini kabisa ilipanda kutoka 178 hadi 192. Pengo lililobaki ni la transfoma ya mtaa. Hilo lilipelekwa kwa shirika la umeme, TANESCO, kwa maandishi pamoja na karatasi ya vipimo vya siku 7. Malalamiko yenye namba, saa na fezi ni rahisi kufanyiwa kazi kuliko simu ya "umeme wetu hauna nguvu".

Vifaa vilivyofungwa hatua hii ni vya bei ndogo sana ukilinganisha na kompresa mpya: rilei ya kulinda fezi inayokata ikiwa fezi moja imepotea, zimepishana mpangilio, au voliti imeshuka chini ya 195, kichelewesho cha dakika 5 kabla ya kuwasha tena, na ovalodi iliyorudishwa kwenye ampea 9. Kwa maoni yetu hakuna chumba cha baridi cha biashara Dar es Salaam kinachostahili kuwashwa bila vitu hivi vitatu, kiwe na sola au kisiwe nayo.

Baridi iliyokuwa inavuja

Kabla ya kukokotoa paneli, mzigo wenyewe ulichambuliwa. Kwa siku ghala lilikula uniti 128: chumba cha baridi 66, friza 28, mashine ya barafu 30, na taa, mizani, kamera na ofisi 4. Kwa bei ya T1, kundi la wateja wa kawaida wa TANESCO, ambayo ni Sh 292 kwa uniti na hufika Sh 356.24 ikiongezwa VAT na tozo za REA (wakala wa nishati vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati), hiyo ni takriban Sh milioni 1.37 kwa mwezi.

Mlango wa chumba ndio ulioeleza mengi. Mpira wa kona ya chini, upande wa bawaba, ulikuwa umekakamaa na kupasuka urefu wa kiganja. Karatasi ya kawaida ikibanwa hapo na mlango kufungwa, ilichomoka bila kugusa kitu. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na kila inapoingia chumbani unyevu huo huishia kuwa barafu juu ya evapureta, koili ya ndani inayotoa baridi. Mapezi yake yalikuwa yamezibwa na barafu nyeupe kiasi cha kutoona nyuma yake, feni zinazunguka, hewa haipiti. Hita ya kuyeyusha ilikuwa inawaka mara 4 kwa siku kwa nusu saa na bado haikutosha. Yaani umeme ulitumika kugandisha unyevu wa Temeke, kisha ukatumika tena kuuyeyusha.

Nje, kondensa, koili inayotoa joto la chumba nje, ilikuwa imefungwa kwenye kichochoro chembamba na ukuta uko sentimita 30 mbele ya feni, kwa hiyo ilivuta hewa ile ile ya moto iliyokwisha kuitoa. Mapezi yake yalikuwa na vumbi lililochanganyika na mafuta. Kila nyuzi inayoongezeka kwenye kondensa huongeza kazi ya kompresa, na hapa gesi ilikuwa inageuka kuwa kimiminika kwenye nyuzi 55 wakati ingeweza kuwa 47.

Marekebisho: mpira mpya wa mlango, pazia la vipande vya plastiki ndani ya mlango, kondensa kusafishwa na kugeuzwa iangalie uwazi, kuyeyusha barafu mara 3 kwa dakika 20. Jumla ilikuwa Sh 780,000. Matumizi ya chumba yalishuka kutoka uniti 66 hadi 46. Friza 8 zilizokuwa nusu tupu zilipunguzwa zikawa 5 zilizojaa, na uniti 28 zikawa 18. Mzigo wote ukawa uniti 98 kwa siku. Uniti 30 zilizookolewa ni zaidi ya Sh 320,000 kwa mwezi, bila paneli hata moja juu ya bati.

Samaki kama akiba

Hapa ndipo ombi la betri 16 lilipopoteza msingi wake, na inafaa kwenda polepole.

Tani 2 za samaki waliogandishwa zinahitaji takriban kilojuli 4,000 ili joto lake lipande nyuzi moja. Kabla ya matengenezo, chumba kilichofungwa kilikuwa kinaingiza joto la takriban kilowati 1.2, ambalo ni nyuzi 1 na kidogo kwa saa. Kompresa ikisimama kwenye -18, chumba kingefika -12 ndani ya saa 5 na nusu. Baada ya mpira mpya na pazia, joto linaloingia ni takriban kilowati 0.75, yaani nyuzi 0.7 kwa saa. Sasa kishushe chumba hadi -22 wakati wa mchana, jua likiwepo. Kutoka -22 hadi -12 ni nyuzi 10, karibu saa 15.

Hesabu hiyo ni ya wastani wa shehena yote. Katoni za juu na za mlangoni hupata joto mapema, kwa hiyo kwa usalama tegemea theluthi mbili: saa 10. Bado ni usiku mzima, bila betri. Kushusha kutoka -18 hadi -22 kunahitaji takriban uniti 3.5 za umeme, mara moja, na kunanunua karibu saa 6.

Kiwango cha Codex, kanuni za kimataifa za chakula, kwa samaki waliogandishwa ni -18 au baridi zaidi, na hicho ndicho cha kuendeshea biashara. Namba ya -12 ni mpaka wa dharura tu. Chumba kinachopanda na kushuka kila siku huharibu nyama hata kama haijayeyuka: chembe za barafu hukua, hupasua nyuzi za nyama, na samaki akiyeyushwa jikoni hutoa maji mengi na kubaki mkavu. Samaki wenye mafuta huanza kuchacha. Ndiyo maana mpango unaanzia -22 na si -18, ili siku za kawaida chumba kisivuke -18 kabisa.

Kuna sharti moja ambalo wengi hulisahau. Akiba hii inategemea uzito uliomo. Siku shehena imeuzwa na zimebaki kilo 500, muda hupungua hadi robo. Dawa yake ni vitalu vya barafu vilivyofungwa kwenye plastiki na kupangwa ukutani. Kilo moja ya barafu kwenye baridi hiyo hubeba takriban sawa na kilo moja ya samaki. Ghala lenye mashine ya barafu halina sababu ya kuwa na chumba kitupu.

Mpango huu umetibu pia ile voliti ya jioni. Saa ya kidijitali imefungwa kwenye kompresa: kuanzia saa 12:30 jioni hadi saa 4:30 usiku haiwaki, isipokuwa kipimajoto kilichowekwa katikati ya katoni, si kile cha ukutani, kifike -16. Mauzo yanakuwa yameisha, mlango umefungwa. Ndani ya saa 4 chumba kinapanda nyuzi chini ya 3, kutoka -22 hadi kama -19, na kompresa haionji tena zile voliti 192.

Mashine ya barafu nayo ilihamishwa kutoka usiku kwenda saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Inachukua kilowati 3 kwa saa 10, mchana mtupu. Barafu inalala kwenye sanduku lenye foamu hadi alfajiri na hupoteza kidogo tu.

Sola iliyobaki baada ya hesabu

Makadirio ya kwanza yalikuwa na kasoro ya kihesabu pia. Kwa Dar es Salaam, kilowati 1 ya paneli hutoa wastani wa takriban uniti 4 kwa siku. Paneli 48 za wati 550 zingetoa kama uniti 105, na mzigo wa zamani ulikuwa 128. Betri zile 16 zisingejaa hata siku za wastani, sembuse masika, ambapo siku ya mawingu mazito inaweza kutoa nusu au chini ya hapo.

Kilichofungwa ni paneli 24 za wati 550, jumla kilowati 13.2, kwenye mita za mraba 62 za bati linaloangalia kaskazini lenye mwinamo wa nyuzi 12. Zimeunganishwa mistari 2 ya paneli 12. Kila mstari una voliti 598 ukiwa haujabebeshwa mzigo, na kwenye asubuhi ya baridi ya Julai hufika kama 610, chini ya kikomo cha 800 cha inveta. Mchana wa joto, seli zikiwa nyuzi 65, mstari hushuka hadi kama 430, bado ndani ya upeo wa inveta. Hesabu hii ya ncha mbili hufanywa kabla ya kupanda juu ya paa. Kuongeza paneli 4 kwenye mstari "kwa sababu zimebaki" kunaweza kuunguza inveta asubuhi moja tulivu.

Inveta ni ya haibridi, yaani inafanya kazi na paneli, betri na gridi kwa pamoja, fezi tatu, kilowati 12, na betri ni 3 za lithiamu ya fosfati ya chuma, jumla uniti 15.4, ambazo 13 ndizo za kutumia. Aina ya inveta ilikuwa na umuhimu wake. Inveta ya gridi isiyo na betri hujizima umeme wa TANESCO ukikatika, hata jua likiwa utosini, ili isiwarudishie umeme mafundi walio juu ya nguzo. Wapo walionunua mifumo mikubwa ya aina hiyo wakidhani wamepata kinga dhidi ya giza, wakagundua siku ya kwanza umeme ulipokatika.

Kompresa ndiyo iliyoleta kazi. Inveta ya kilowati 12 hutoa kama ampea 17 kwa kila fezi, na kompresa ikianza ghafla huomba karibu 50. Jaribio la kwanza bila gridi lilizima mfumo mzima kwa sekunde moja. Suluhisho lilikuwa softistata, kifaa kinachoipa mota voliti taratibu, kikashusha mkupuo hadi kama ampea 24, ambazo inveta huvumilia kwa sekunde chache. Kifaa cha kubadili mwendo wa mota kingeweza kushusha zaidi, lakini si kila kompresa inakubali kuzunguka polepole, kwa sababu mafuta ya kulainisha hushindwa kurudi. Hapo soma karatasi ya mtengenezaji kwanza.

Umeme ukikatika usiku, betri hubeba taa, kamera, mizani na vidhibiti, takriban kilowati 0.4. Kwa saa 10 hiyo ni uniti 4. Zinabaki 9, ambazo ni saa 2 za kompresa, zikihitajika. Siku za kawaida betri haishushwi chini ya asilimia 70, ili akiba iwepo pale inapotakiwa.

Makosa ya ufungaji yaliyokutwa siku ya kukabidhi

Koili moja ya kupimia mkondo, ya fezi ya bluu, ilifungwa kinyume. Inveta ilidhani ghala linavuta umeme wakati kumbe linausukuma nje, ikaongeza kusukuma. Mita nyingi za LUKU, za kulipia umeme kabla ya kuutumia, hazikuundwa kupokea umeme unaorudi, na baadhi huuhesabu kama matumizi, hivyo mteja analipia jua lake mwenyewe. Dalili yake ni uniti za LUKU kupungua haraka zaidi mchana kuliko usiku. Koili iligeuzwa, na mfumo ukawekwa usitoe umeme nje kabisa.

Kwenye boksi la paneli kulikuwa na breka za kawaida za umeme wa nyumbani. Umeme wa paneli hauna ile nukta ya sifuri inayosaidia kuzima cheche mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo breka isiyo ya DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa paneli) ikifunguliwa kwenye voliti 500 inaweza kuendelea kuwaka moto ndani. Zilibadilishwa zote. Viunganishi vya MC4, vya kuungia nyaya za paneli, vya watengenezaji wawili tofauti vilikuwa vimechomekwa pamoja. Vinaingiana, lakini mguso wake si kamili, na baada ya miezi hupata joto na kuyeyuka. Vilikatwa na kubanwa upya kwa koleo lake, si kwa plaizi.

Inveta na betri ziliwekwa ukuta mmoja na kondensa, na alasiri chumba kile kilifika nyuzi 44. Inveta hupunguza nguvu yake ikipata joto, na betri huzeeka mapema. Vyote vilihamishiwa ofisini, ukuta wa kivuli, wazi juu na chini.

Mpangilio wa kiwandani nao ulikuwa mtego. Inveta ya haibridi ikiwa na gridi hupitisha voliti ya gridi kama ilivyo hadi kwenye mizigo, haiinyanyui. Kikomo cha chini kilikuwa 170. Kiliwekwa 195, na muda wa kurudi kwenye gridi ukawa sekunde 300, ili ile purukushani ya mtaa kuwasha kila kitu ipite kwanza.

Juu ya bati adui ni chumvi na kunguru. Skrubu za chuma kilichopakwa zinki huota kutu upesi karibu na bahari, kwa hiyo reli ni za alumini na boliti ni za chuma kisichoshika kutu. Kunguru wa Dar es Salaam hupenda kutua kwenye ukingo wa paneli, na kinyesi kimoja kilichokauka juu ya seli kinashusha mkondo wa paneli na kuitia joto mahali pamoja. Kuosha ni alfajiri kabla kioo hakijapata moto, kwa kitambaa laini na maji ya bomba au ya mvua. Maji ya kisima chenye chumvi, ambavyo ni vingi ukanda huu, huacha utando mweupe mbaya kuliko vumbi lenyewe.

Fedha na jenereta

Kwa bei alizopata mwenye ghala, paneli zilikuwa Sh milioni 7.2, inveta 7.5, betri 8.4, softistata 0.9, na reli, nyaya, kinga na ufundi 6.5. Jumla ni Sh milioni 30.5. Paneli hutoa wastani wa uniti 50 zinazotumika zote mchana, sawa na Sh 534,000 kwa mwezi. Kwa hesabu hiyo pekee fedha hurudi baada ya karibu miaka 5.

Jenereta hubadilisha hesabu. Usiku ilikuwa inabeba kilowati 5 au 6 tu na kula lita 3 kwa saa. Dizeli ikiwa Sh 3,000 kwa lita, uniti moja iligharimu Sh 1,500 au zaidi, kabla ya mafuta ya injini na filta. Saa 40 kwa mwezi zilipungua hadi kama 8, na Sh 288,000 zinabaki mfukoni. Ukijumlisha, mtaji unarudi baada ya takriban miaka 3.

Jenereta haijauzwa, na isiuzwe. Masika huleta siku 3 au 4 mfululizo za mawingu, na nguzo ikianguka siku hizo hizo si paneli wala samaki watakaovuka. Ila kVA 30 ni kubwa mno. Injini ya dizeli inayobeba chini ya theluthi ya uwezo wake haipati joto la kutosha, masizi hujaa na mafuta yasiyoungua hutoka kwenye ekzosi. Hadi itakapobadilishwa na ya kVA 15, inawashwa kwa makusudi pamoja na kompresa, mashine ya barafu na kuchaji betri, saa 2 kwa mkupuo, kisha inazimwa. Gavana yake, kidhibiti cha mwendo wa injini, ilibidi irekebishwe: ilikuwa inayumba kati ya hezi 47 na 53, na inveta ilikuwa inaikataa.

Mwenye ghala anafikiria chumba cha pili cha baridi. Akikijenga, paneli 12 zinaweza kuongezwa kwenye bati la upande wa kusini, zikitoa pungufu kwa asilimia chache tu, na inveta ya pili itahitajika. Betri zitabaki 3 zile zile, mradi chumba kipya nacho kijengwe kwa paneli za foamu za milimita 100 au zaidi na kijazwe barafu pale samaki wanapopungua.